Mlango Usio na Namba

Orodha ilibandikwa Jumatano asubuhi kwenye ukuta wa posta ya zamani, karatasi nne zilizopakwa gundi nyingi hata zikajikunja pembeni. Brashi hakwenda kuisoma. Aende kusoma nini? Namba zote za mtaa ule, moja hadi sabini na moja, alikuwa ameziandika yeye kwa mkono wake juu ya milango ya watu. Mpishi haombi kuonjeshwa chungu alichokipika.

Alikuwa fundi wa mabango, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mwenye kidole kilichopinda kwa kushika brashi na mdomo usiojua kupinda. Jina lake la kuzaliwa mtaani hakuna aliyelikumbuka. Hata mke wake akiwa na hasira alimwita Brashi. Akiwa na amani alimwita Baba Pacha.

Aliyeleta habari ni Fundi Saa, jirani yake wa kulia, mzee mwembamba ambaye duka lake nalo lilikuwa jembamba, upana wa mtu mmoja na mwavuli wake. Alisimama mbele ya karakana ya Brashi, kioo chake cha kukuzia kikiwa bado kimebanwa jichoni.

"Brashi, umeiona orodha?"

"Nimeiandika mimi, mzee."

"Wewe umeandika namba. Orodha wameandika wao. Nenda kasome."

"Kuna nini?"

"Macho yangu mimi ni ya skrubu za saa, si ya karatasi za serikali. Huenda sikuona vizuri. Nenda tu."

Fundi Saa hakuwa mtu wa kusema huenda. Ukimuuliza saa ngapi alikutajia mpaka nukta. Brashi akaweka chini kopo alilokuwa analikoroga, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda.

Aliisoma kwa kidole. Thelathini na tano, duka la viatu. Thelathini na sita, duka la simu. Thelathini na saba, ufundi wa saa. Akarudi juu, akashuka tena. Akaanza kutoka mwisho, akapanda. Karakana ya mabango haikuwepo. Chini kabisa palikuwa na maneno ya kalamu nzito: nafasi yoyote isiyo na namba itahesabiwa kuwa wazi, na itatumika kwa mahitaji ya mradi. Orodha itafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Pembeni walikuwa wamebandika mchoro wa mtaa mpya. Mzuri, hawezi kuukataa. Miti midogo kwenye vyungu, mabenchi, vitofali vya rangi mbili, watoto wa kuchorwa wameshika baluni. Kati ya thelathini na sita na thelathini na saba hapakuwa na ukuta. Palikuwa na upenyo mweupe, wenye mshale na maneno: Njia ya kwenda ua wa nyuma. Mwanamke wa kuchorwa, mwenye mkoba wa kuchorwa, alikuwa anapita pale ambapo Brashi alikuwa na meza yake.

Brashi akaufunika ule upenyo kwa kiganja, akakiondoa.

Na mradi huu yeye ndiye aliyeushangilia. Jiji lilipokuja na habari ya kufufua kitovu cha biashara, watu walicheka kwenye mkutano. "Kufufua? Kwani nani amekufa?" Brashi alisimama akawaambia bila kupepesa macho: "Sisi. Tumekufa miaka saba, hatujazikwa tu." Nayo ilikuwa kweli. Tangu yajengwe yale maduka makubwa ya kule barabara kuu, yenye maegesho na feni za dari, wateja walihama kama maji yaliyopata mteremko. Hapa vyuma vya milango vilishuka kimoja kimoja. Ghorofa za juu zikawa za njiwa. Kwa hiyo Brashi alisema mtaa utengenezwe, vibaraza vibomolewe, anayeogopa vumbi asijenge nyumba. Walimpigia makofi. Wiki ile ile jiji likampa kazi ya kuandika namba.

Alirudi karakana, akakaa juu ya kopo lililogeuzwa, akaanza kuitafuta siku ile kichwani kama mtu anayetafuta funguo.

Alianza saa moja asubuhi kwenye pembe ya benki iliyohama. Nyuma yake alifuatwa na binti wa ofisi ya jiji, yule aliyeitwa Binti Kofia kwa sababu helmeti yake nyeupe hakuivua hata kwenye kibanda cha chai. Brashi anapanda ngazi, anaandika, anashuka. Binti Kofia anakuja nyuma, anaandika daftarini namba na jina lililo kwenye bango. Maduka yaliyo wazi, maduka yaliyofungwa, yote yalipewa namba. Kufika thelathini na sita, rangi nyeupe ikaisha. Brashi akaingia kwake, akafungua kopo jipya, akaikoroga, akaichuja kwa soksi kuukuu kama kawaida, akanywa maji, akatoka, akaisimamisha ngazi kwenye mlango unaofuata. Na mlango unaofuata, kwa mtu anayetoka kwake, ni wa jirani. Mtu hauoni mdomo wake mwenyewe hata akiutumia siku nzima.

Binti Kofia naye angeona nini? Karakana ilikuwa na mlango wa mbawa mbili uliokunjwa ndani kila asubuhi mpaka ukagusa kuta. Bango hakuwa nalo. Mbawa zenyewe ndizo zilikuwa bango: amezijaza vielelezo vya kuonyesha wateja, herufi nene, herufi nyembamba, sifuri mpaka tisa za kila aina, kichwa cha kinyozi, jino la daktari wa meno. Zikikunjwa ndani, kutoka nje lilibaki shimo lenye giza na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi.

Na mbaya zaidi, alisaini. Karatasi ilisema: nimeandika namba kwenye kila mlango wa biashara bila kuacha hata mmoja. Alisaini kwa mbwembwe, akamwambia yule binti, "Mwanangu, mkono huu haujawahi kukosea."

Saa saba mke wake akaja na chakula. Alifanya kazi ya kutunza kadi za wagonjwa kwenye kliniki mtaa wa pili, na kila siku walikula pamoja juu ya meza ile, karatasi za msasa zikisogezwa kando.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, thina?"

Brashi akageuza uso. Mama Pacha akafunika sufuria. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya kumsoma mtu huyu, na hakuhitaji miwani.

"Baba Pacha. Sema."

Akasema. Alisema kwa kifupi, akitazama sakafu, kama mtoto aliyevunja sahani. Mke wake hakucheka, na hilo lilimtisha zaidi.

"Miaka mingapi nakwambia utundike bango?"

"Si wakati wake huu."

"Wakati wake ulikuwa zamani. Sasa ni wakati wa bakora." Akavuta pumzi. "Nenda ofisini kaseme umejisahau. Ukafanye leo, si kesho."

"Nikaseme hivyo? Na karatasi niliyosaini? Watanicheka, halafu watanipa mtu mwingine ile kazi ya mabango mapya."

"Heri uchekwe una paa. Ukikosa pa kuweka makopo yako, utayaleta kwangu chini ya kitanda? Nakuambia mapema, chini ya kitanda hapana."

Aliondoka bila kula. Brashi akabaki na shauri lake jema, na hakulifuata. Saa tisa alasiri, mtaa ukiwa umepoa, akaichukua ngazi. Juu ya fremu ya mlango wake akaandika 36B. Aliandika kwa rangi ile ile, brashi ile ile, mkao ule ule wa tatu yenye kichwa bapa. Ilipokamilika akaipulizia vumbi la chaki na masizi kidogo ili ionekane ya zamani. Hakuna binadamu angeitofautisha na nyingine. Akashuka, akaitazama, akairudisha ngazi ndani haraka. Usiku alilala macho. Mama Pacha alimuuliza mara moja tu, "Umekwenda?" Akajibu, "Kesho." Hakumuuliza tena.

Alhamisi asubuhi Fundi Saa alitazama juu, akatoa kioo jichoni, akatazama tena.

"Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Wewe umejinyoa, na naona umejikata sikio."

"Nyamaza, mzee, watu watasikia."

"Wasikie nini? Wana macho. Kwenye orodha ya posta hakuna B. Hata A hakuna."

Kabla Brashi hajajibu, helmeti nyeupe ikatokea kwenye pembe. Binti Kofia alikuwa anapita kukagua mlango kwa mlango, daftari kifuani. Brashi akachukua brashi kavu akajifanya anaisafisha. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Thelathini na sita, kwa Tajiri wa duka la simu, alikaa muda mrefu. Halafu akatoka. Viatu vyake vilisimama mbele ya karakana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii namba?"

"Namba gani?"

"Hiyo hapo juu."

Brashi hakuwa na mazoezi ya kudanganya. "Ipo hapo," akasema.

"Naona ipo. Imefikaje?"

Hakungoja jibu. Alivuta kigoda, akapanda, akaigusa B kwa ncha ya kidole. Kidole kikarudi cheupe. Hewa ilikuwa na unyevu tangu jana, na rangi ya mafuta haina haraka na mtu.

"Zile nyingine zina wiki tatu," akasema polepole. "Hii bado inanata. Fundi, unajua anayejiandikia namba anafutwa kabisa? Hata akiwa na haki, anafutwa."

"Sasa najua."

"Na ulisaini."

"Nilisaini." Akaiweka brashi chini. "Nilikwenda ndani kuchukua rangi. Nilipotoka nikaendelea na mlango wa mzee. Sina maelezo mengine. Nilijisahau, basi."

Binti Kofia akashuka, akakaa pale pale kwenye kigoda, akavua helmeti. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa ule kuziona nywele zake. Alionekana mdogo kuliko walivyodhani, na amechoka.

"Chini ya saini yako kuna yangu," akasema. "Nilitakiwa nihesabu milango, nikahesabu mabango. Bosi wangu ameutundika ule mchoro ukutani kwake. Anaupenda ule upenyo kuliko anavyonipenda mimi. Nikienda kumwambia pale pana karakana, ataniuliza nilikuwa naangalia nini."

Fundi Saa, aliyekuwa anajifanya anafagia, aliacha kufagia.

"Sikiliza, fundi. Futa hiyo, sasa hivi, mbele yangu. Funga mlango nipige picha ionekane ni mlango. Halafu niletee karatasi yenye saini za majirani wawili, wa kushoto na wa kulia, wakithibitisha ulikuwepo kabla ya mradi. Kanuni inaruhusu hivyo. Lakini iwe mkononi mwangu kesho kabla ya saa sita. Ikipita saa sita, mimi sikukuona na wewe hukuniona."

Brashi akaifuta kwa tambara na thina. Kazi ya nusu saa ikatoka kwa mikupuo minne. Akazikunjua mbawa za mlango, ambazo hazikuwahi kufungwa mchana kwa miaka ishirini na miwili, na bawaba zikalia hata mtaa mzima ukageuka. Binti Kofia akapiga picha yake. Brashi akaiandika ile karatasi, na Fundi Saa akaisaini pale pale, akiwa ameegemea ufagio, bila kusoma hata mstari mmoja.

"Wa kulia tayari," alisema. "Wa kushoto sasa, Mungu akusaidie."

Wa kushoto alikuwa Tajiri. Watu walimwita hivyo kabla hajawa tajiri, na yeye hakuwahi kuwakatalia. Mwaka uliopita alilishusha bango alilochorewa na Brashi, akapandisha bango la taa, sanduku la plastiki linalowaka samawati mchana na usiku. Brashi alisimama nje akamwambia mbele ya wateja kwamba duka lake sasa limefanana na jokofu la soda. Tajiri akamjibu kwamba na yeye amefanana na kopo lililokauka. Tangu hapo salamu zilikatika.

Aliingia na karatasi yake mkononi. Duka lilikuwa na wateja watatu. Tajiri alimwona, akaendelea kumweleza mmoja wao habari za betri, neno kwa neno, bila haraka. Brashi akasimama. Jasho lilimtoka kwapani kama yuko mbele ya hakimu.

"Karibu, fundi," hatimaye Tajiri akasema. "Unatafuta chaji?"

"Natafuta saini."

Tajiri akaichukua karatasi, akaisoma hadi chini, akaigeuza akatazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu.

"Unajua nina stoo kule nyuma?"

"Najua."

"Mzigo wangu unazunguka mitaa miwili ndiyo ufike stoo. Upenyo ukipita hapo kwako, unaingia moja kwa moja. Dakika mbili."

"Hilo pia najua."

"Sasa nikusainie kwa faida gani?"

"Kwa sababu ni kweli. Nilikuwepo hapa kabla yako. Hata bango lako la kwanza nililichora mimi, na ulilipenda."

Wateja wakaacha kutazama simu. Tajiri akatabasamu upande mmoja.

"Na hili la sasa? Bado ni jokofu la soda?"

Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angesema, ndugu yangu, tusameheane, lilikuwa neno la hasira tu. Brashi alifungua mdomo kwa nia hiyo hiyo. Akatazama juu, lile sanduku likamwangaza usoni.

"Limefanana nalo," akasema.

Mteja mmoja akacheka kwa pua. Tajiri akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

"Nitaitazama. Kesho."

"Kesho saa sita wanafunga."

"Basi kesho kabla ya saa sita."

Nje, Brashi alijipiga kofi la paja. Karatasi ilikuwa moja tu, na sasa, ikiwa na saini ya mzee juu yake, ililala mfukoni mwa adui. Jioni Mama Pacha alipoambiwa yote, akauliza, "Yaani ulikwenda kuomba maji ukamtemea mwenye kisima?" Brashi akainamia kikombe. "Kunywa chai," akamwambia, na akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

Ijumaa saa mbili asubuhi Brashi alikuwa mlangoni kwa Tajiri. Aliyefungua ni msichana muuzaji.

"Bosi yuko wapi?"

"Ametoka mapema."

"Kwenda wapi?"

"Ofisi ya jiji."

Hakuna linalompeleka Tajiri ofisi ya jiji siku kama ile ila jambo moja. Brashi akaenda akaketi dukani kwa Fundi Saa, kwa sababu kwake hakuweza kukaa. Mbele ya meza ya mzee, ukutani, palikuwa na saa zaidi ya thelathini zinazosubiri kutengenezwa, na kila moja ilisema lake. Moja ilisema saa nne. Nyingine saa tisa. Nyingine ilienda kinyumenyume.

"Saa ngapi, mzee?"

"Saa nne kasoro dakika saba."

Alitembea mpaka pembe ya benki akarudi. "Saa ngapi?"

"Umeuliza sasa hivi. Saa nne kasoro dakika tatu. Kaa chini, unanitingishia meza. Springi hii ikiruka tutaitafuta mpaka Pasaka."

Hakukaa. Alipanga makopo yake kwa ukubwa, akayapanga tena kwa rangi. Alijiona anapima kwa macho ni mikokoteni mingapi itabeba ile meza, na itabebwa kwenda wapi. Mteja mmoja alikuja kuulizia bango la saluni, akamjibu vibaya, mteja akaondoka. Saa tano. Saa tano na robo. Saa tano na nusu Binti Kofia akafika, helmeti kichwani, jalada mkononi.

"Karatasi?"

"Iko kwa Tajiri."

"Tajiri yuko wapi?"

"Ofisini kwenu."

Binti Kofia akafumba macho kidogo. Aliegemea nguzo, akaanza kuzungusha pete kidoleni, na wote watatu wakatazama upande mmoja wa mtaa kama watu wanaosubiri mwili uletwe.

Tajiri alitokea saa sita kasoro dakika kumi na nne, kwa taarifa ya Fundi Saa. Alikuja akitembea haraka, shati limelowa mgongoni, uso umeiva. Hakusalimu. Alimwendea Binti Kofia moja kwa moja.

"Dada, ule mchoro mlioubandika posta mmeukata!"

"Umekatwa vipi?"

"Unaonyesha mbele tu! Mimi nimekwenda kuomba upenyo uongezwe upana, mkokoteni wangu upite. Bosi wako akanionyesha mchoro mzima ulioko ukutani kwake. Huko ua wa nyuma mnaweka nini?"

Binti Kofia akakohoa. "Vyoo vya umma."

"Vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Kumi na viwili!" Tajiri akawageukia wengine kama shahidi mahakamani. "Mtaa mzima, soko zima, abiria wa stendi, wote wapite ubavuni kwangu wamebana miguu! Foleni itaanzia wapi? Itaanzia kwenye kioo changu! Mtu anachagua simu, anasukumwa na mwenye tumbo la kuendesha!" Akachomoa karatasi mfukoni, ikiwa imelowa jasho, akaiegemeza kwenye mlango wa Brashi na kusaini kwa nguvu hata kalamu ikatoboa.

"Jirani," Brashi akasema. "Nashukuru..."

"Usinishukuru. Sikukuokoa wewe. Nimeokoa pua yangu." Akaondoka. Mlangoni kwake akageuka. "Na hilo bango langu si jokofu!"

Brashi safari hii akaumeza ulimi.

Binti Kofia akagonga muhuri, akaandika kwenye jalada, akang'oa kipande cha karatasi akampa. Amri ya kuandika: 36B. "Sasa andika kihalali," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Brashi akapanda ngazi. Alipiga mstari wa chaki, akachovya brashi, akaandika tatu. Akaandika sita. Pumzi ilikuwa inamrudia, na pua yake ikaanza tena kusikia harufu ya rangi kama harufu nzuri. Alikuwa anaivuta B mgongo wake pale aliposikia sauti ya Fundi Saa chini.

"Binti, samahani. Hao wa vyoo sasa watapita wapi?"

Brashi hakugeuka, lakini brashi ilisimama.

"Vyoo vitabaki pale pale," Binti Kofia akasema. "Fedha zake zimeshapitishwa. Jumatatu mchora ramani atatafuta upenyo mwingine."

"Kati ya ngapi na ngapi?"

"Thelathini na tano hadi arobaini."

"Thelathini na nane limefungwa miaka minne. Wachukue hilo."

"Lile lina kesi mahakamani, baba. Haliguswi."

"Mimi nina namba."

"Wote wana namba, baba. Namba inazuia usihesabiwe nafasi wazi. Mchora ramani akihitaji njia, ataanza kutazama palipo pembamba, pasipo na ghorofa juu."

Hakuna aliyetaja palikuwa wapi. Mtaa ule ulikuwa na duka moja tu la upana wa mtu na mwavuli wake. Fundi Saa aliondoa kioo jichoni, akakipangusa kwa pindo la shati, akakirudisha, ingawa hapakuwa na saa mkononi mwake. Ndiye aliyesaini wa kwanza, ameegemea ufagio, bila kusoma.

Brashi akageuka kumtazama mzee, brashi ikiwa bado kwenye herufi. Tumbo la chini la B likatoka nje ya mstari, likavimba upande kama kifuko cha mchele. Miaka thelathini ya kazi, na hiyo ndiyo namba pekee iliyopinda mtaa mzima, juu ya mlango wake. Tambara lilikuwa begani. Hakulichukua. Alishuka.

"Mzee, ofisi yao Jumatatu inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Wao husema saa mbili. Hufungua na dakika kumi na tano."

"Saa moja na nusu nitakuwa mlangoni kwako. Tunakwenda wote."

"Kwenda kusema nini?"

"Sijui bado. Lakini wakitaka majirani wa kusaini, wa kushoto wako ni mimi. Na mimi sasa nina namba."

Fundi Saa akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima kitu kwa uzito. Binti Kofia alikuwa ameanza kuondoka, na mkono wake mmoja umeshika helmeti kana kwamba kuna upepo.

"Na wa kulia?" mzee akauliza.

Wote wawili wakageuka kutazama thelathini na nane. Chuma kilikuwa kimeshuka hadi chini, kufuli limeota kutu, barua za miaka minne zimechomoza chini yake. Juu, nyeupe na nyoofu, ilikuwepo namba aliyoiandika Brashi, pengine nzuri kuliko zote mtaani. Fundi Saa alisogea akagonga chuma kwa kifundo cha kidole, mara tatu, kwa adabu, kama mtu anayeamini kuna mwenyewe ndani. Brashi akasimama nyuma yake, akasikiliza naye.